Pikapu iliyonyanyuliwa, difu iliyobaki chini

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye pikapu anayetaka kujua kama gari lake limepanda kweli hana budi kuutii msemo huo kwa maana yake ya mwanzo kabisa: alale chini na futi kamba, atafute difu ya nyuma, yaani lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, apime nafasi iliyopo kati ya chuma hicho na ardhi. Wengi hupima kwingine. Hupima kutoka ukingo wa madigadi, au hutazama tu namna gari linavyosimama, kisha hutangaza kwamba pikapu imepanda inchi 4. Hawasemi uongo, ila kilichopanda ni bodi na chasisi. Ekseli ya nyuma hubebwa na matairi, haibebwi na springi, kwa hiyo imebaki palepale ilipokuwa siku gari lilipotoka kiwandani.

Jambo hili ndilo kiini cha mabishano ya muda mrefu miongoni mwa wanaoendesha pikapu kubwa nje ya lami, kuanzia wenye Ford F-150 na Ram 1500 huko Marekani hadi wenye Land Cruiser 79 kwetu Afrika Mashariki. Wapo wanaoamini kwamba njia ya kupata uvungu, yaani nafasi kati ya gari na ardhi, ni kunyanyua gari kwa springi ndefu au spesa, vile vipande vya kuinulia springi. Wapo wanaosema anza na matairi, tena kwa kiasi, na nyanyua pale tu matairi yanapodai nafasi. Kundi la pili huonekana la wabahili au la waoga, pengine kwa sababu gari lao likiegeshwa kando ya lile lililonyanyuliwa halimshangazi mtu. Nadhani halijasikilizwa inavyostahili.

Hesabu yao ni fupi. Kitovu cha gurudumu kikikaa katikati ya tairi, ni nusu tu ya ongezeko la kipenyo inayofika kwenye ekseli. Nusu nyingine imekwenda juu, kwenye madigadi. Ford walipotoa F-150 Raptor, toleo la F-150 la nje ya lami, ya mwaka 2021 waliiuza kwa saizi mbili za matairi, inchi 35 na inchi 37, na kwa takwimu zao wenyewe uvungu wa ya kwanza ni inchi 12.0 na wa ya pili inchi 13.1. Inchi mbili za tairi zimezaa inchi moja na kidogo. Ukiitazama haraka, hiyo ni biashara mbaya: mtu ananunua mbili anapewa moja. Lakini springi zenye urefu wa ziada wa inchi 4, zikipimwa chini ya difu ya nyuma, humpa sifuri. Hata Ram 1500 yenye springi za upepo za kiwandani, inayojiinua kwa kubonyeza kitufe, huinua tumbo na bampa huku difu ya nyuma ikibaki kwenye kimo chake.

Mbele mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo wauzaji wa vifaa vya kunyanyulia hunyamaza. F-150, Silverado 1500, Ram 1500 na Tundra hazina ekseli nzima mbele. Kila gurudumu lina mikono yake ya kulishikilia, na difu imefungwa kwenye chasisi. Ukinyanyua kwa inchi mbili hivi, difu hiyo inapanda pamoja na chasisi, na hiyo ni faida halali. Ukitaka inchi sita, shafti zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu zinapinda kupita kiasi na viungo vyake haviwezi kudumu, kwa hiyo vifaa vya kiwango hicho huja na mabano ya kuishusha difu irudi karibu na ilipokuwa. Mwenye gari amelipa ili chasisi iende juu, kisha amelipa tena ili difu irudi chini. Uvungu anaoupata sehemu hiyo unatokana hasa na matairi makubwa aliyoyafunga baadaye.

Kwa nini difu izungumzwe mno? Kwa sababu ya njia zenyewe. Wakati wa masika, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, malori huchimba mifereji miwili mirefu na kuacha tuta katikati. Pikapu inayofuata haina la kuchagua: magurudumu yanazama kwenye mifereji na difu inakwangua tuta kama jembe la kukokotwa na ng'ombe, hadi uzito wa gari unapolala juu ya tuta na matairi yanazunguka bure. Hapo springi ndefu hazina la kusema. Kinachosaidia ni nusu inchi, inchi moja, inchi moja na nusu ya tairi, au dereva anayekataa mifereji na kuweka gurudumu moja juu ya tuta lenyewe kabla ya kuzama.

Hata hivyo, wanaonyanyua wana hoja, na ile nzito kuliko zote inahusu hasa pikapu ndefu. Umbali kati ya ekseli za Raptor ni takriban meta 3.7, za Land Cruiser 79 ya kabini moja ni meta 3.18. Kadiri umbali huo unavyokuwa mrefu, ndivyo tumbo linavyogota kwenye kilele cha tuta au ukingo wa korongo, na tumbo ni mali ya chasisi. Kwa gari la urefu wa Raptor, inchi mbili za springi huongeza pembe ya kuvuka kilele, yaani ukali wa kilele ambacho gari hukivuka bila tumbo kugota, kwa karibu nyuzi 3, wakati matairi ya inchi 37 yaliiongezea kutoka nyuzi 22.7 hadi 24.4 tu. Pili, pikapu ya kazi hubeba. Ikipakiwa mapipa ya maji, mafuta na mahema, springi za nyuma hulala, na springi nzito zaidi huwa zinarudisha tu kimo kilichopotea. Sioni ubishi wowote hapo. Tatu, tairi kubwa bila nafasi hugusa madigadi kila usukani unapokatwa.

Wala matairi si bure. Pikapu iliyotoka na tairi la 275/65R18, yaani lenye kipenyo cha karibu inchi 32, ikifungwa la inchi 35, kipima mwendo kisiporekebishwa kitasoma 80 wakati gari linakwenda 87. Difu yenye uwiano wa gia wa 3.73 itavuta kama ya 3.42, na breki zitahitaji nguvu zaidi kwa kiwango kilekile cha asilimia 9, mbali na uzito wa gurudumu lenyewe. Tairi la akiba nalo mara nyingi halitaingia tena chini ya bodi, kwa hiyo litakula nafasi ya mzigo.

Ila gharama hizo zinapimika na nyingi zinarekebishika. Gharama ya kunyanyua hujitokeza kwenye kona. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, hukadiria hatari ya gari kupinduka kwa kugawa nusu ya upana kati ya magurudumu kwa kimo cha kitovu cha uzito; jibu likiwa dogo, hatari ni kubwa. Springi za inchi 4 hupandisha karibu uzito wote wa gari kwa inchi 4, ilhali tairi la 35 badala ya 32 hupandisha kwa inchi moja na nusu. Kwenye mteremko wa ubavu, tena na mapipa juu ya keria, tofauti hiyo dereva huihisi kiunoni.

Kuna kinyume kimoja kinachonifurahisha. Kwenye mchanga, kwa mfano jangwa la Wahiba kule Oman, dereva mzoefu hupunguza upepo wa matairi kutoka psi 35 (paundi kwa inchi ya mraba) hadi 18 au chini ya hapo. Tairi linatanuka, gari linashuka, uvungu unapungua kabisa, na gari linapita. Uvungu, basi, ni dawa ya ugonjwa mmoja tu kati ya mengi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda gereji, mtu na ashuke tena mvunguni na kusoma mikwaruzo. Ikiwa iko kwenye difu, anahitaji matairi. Ikiwa iko kwenye chasisi katikati ya ekseli, inchi mbili za springi na bamba la chuma la kukinga tumbo vitatosha. Wenye Land Cruiser 79 wengi wa kwetu walichagua zamani tairi jembamba la 7.50R16, ambalo lina kipenyo cha takriban milimita 805 dhidi ya 777 za 265/70R16. Difu inapata milimita 14, na hakuna springi iliyoguswa.