Alcoblow haioni gomba

Juzi usiku nilisimamishwa na polisi wa trafiki hapa Uingereza nikitoka kazini. Nilijua nitaambiwa nipulize. Badala yake akapitisha kijiti ulimini mwangu, tukasubiri dakika chache, akaniambia niende salama. Walikuwa wanatafuta bangi na kokeini. Nilifurahi njia nzima, kisha nikapandwa na hasira nilipokumbuka matatu zetu za usiku.

Kwetu Kenya dereva akipuliza Alcoblow, kile kipima pombe cha polisi, ikasoma sufuri, basi huyo ni safi. Awe anatafuna gomba, yaani miraa, tangu jana asubuhi, shavu limefura, macho mekundu, soda mapajani, bado atapita. Nyuma abiria wamelala wakimwamini. Gomba linauficha uchovu tu, haliuondoi. Nguvu zake zikiisha, usingizi unakuja kwa mpigo mmoja, na gari liko mteremkoni.

Najua mtakayosema: huyu amekaa na Wazungu sasa anatudharau. Sidharau mtu. Dereva anayeshuka kutoka Mau Summit usiku, ukungu umetanda, lori mbele, lori nyuma, namvulia kofia. Wengi wa huku wasingefika hata Salgaa. Wala hawa Waingereza si malaika. Kokeini wanavuta na usukani wanashika, ndiyo maana mwaka 2015 sheria yao ilikazwa, dawa 17 zikawekewa kiwango kwenye damu, hata za daktari kama diazepam. Ukipatikana na hatia, leseni huioni kwa mwaka mzima au zaidi.

Na ndugu zangu wa Meru mnaolima gomba, msinirukie. Sijagusa shamba la mtu. Mkulima haendeshi basi.

Halafu kuna wale wa “serikali haina pesa za dawa hospitalini, wewe unaleta habari za vijiti.” Hizo wodi za majeruhi zinajazwa na nani? Sheria yetu ya Trafiki tayari inakataza kuendesha gari ukiwa umelewa dawa za kulevya, si pombe peke yake. Tunachokosa ni kipimo na kiwango. Zaidi ya watu 4,000 wanakufa barabarani Kenya kila mwaka, na kila mara taarifa ni ile ile: dereva alishindwa kulidhibiti gari. Alishindwa kwa nini? Anazikwa Jumamosi na jibu lake.

Atakayesema kijiti kitakuwa mradi mpya wa kula hongo, huyo simpingi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Basi tuanzie mochari. Kila dereva aliyefia kwenye usukani apimwe damu: pombe, bangi, gomba, vidonge, vyote, na hesabu itangazwe kila mwaka bila kutaja jina la mtu. Pale hakuna wa kutoa kitu kidogo ili aachiliwe. Tukishajua ni wangapi, ndipo tubishane kuhusu vijiti.