Tupangieni saa ya kufunga

Hapa Lubumbashi mbio za barabarani huisha pale wakubwa wanapoinuka kitini. Washindi wameshapewa bahasha, picha zimepigwa, hotuba imesomwa hadi nukta ya mwisho, na vijana wa viti vya plastiki wameanza kuvipanga kimoja juu ya kingine. Sisi wa nyuma bado tuko njiani. Polisi wa njia panda ameshakwenda zake, teksi-basi zinatupigia honi, na meza ya maji imebaki meza tu. Ukifika, turubai linakunjwa. Ukiuliza umetumia muda gani, mtu anakutazama kwa huruma: "Papa, pole, umejikaza." Pole naipokea, lakini nilichofuata pale ni muda wangu.

Naandika kama mkimbiaji wa kujifurahisha. Nina kazi, nina watoto, nina goti linaloanza kunung'unika baridi ya mwezi wa sita ikiingia. Washindi wa mbio nilizokimbia nimewaona migongo tu, tena dakika ya kwanza. Na wanaojaza barabara siku hiyo wengi ni wa aina yangu: walimu, mafundi, wanafunzi wa chuo kikuu, mama mwenye duka ambaye daktari amemwambia apunguze sukari. Waandaaji wakikutana hubishana juu ya zawadi, jambo linalohusu watu watatu. Swali letu sisi wengine halimo hata kwenye tangazo: mbio zinafungwa saa ngapi?

Swali hilo nilirudi nalo kutoka Afrika Kusini, kwenye Comrades. Ni mbio za kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90, mwaka mmoja kwa kawaida zikipanda kutoka baharini na mwaka unaofuata zikishuka. Asiyezijua afanye hivi: atoke mjini kwetu kwa miguu asubuhi na asisimame mpaka aone foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kisha aongeze vilima. Alizianzisha Vic Clapham, dereva wa garimoshi, ambaye katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari na alitembezwa karibu kilomita 2,700 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani kwa sehemu kubwa Tanzania ya leo. Alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa jambo linalochosha kama walivyochoka wao. Tarehe 24 Mei 1921 walianza watu 34, wakamaliza 16. (Watu weusi na wanawake waliruhusiwa rasmi mwaka 1975, kwa hiyo tusizisifu mpaka tukasahau.)

Comrades hufungwa baada ya muda wa saa 12 tangu kuanza. Mwaka wangu tulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, zikafungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Njiani pia kuna vituo vyenye saa zake, ukichelewa unaondolewa na kupakiwa garini. Saa 12 zikikaribia kutimia, mtu mmoja husimama penye mstari wa mwisho akiwapa mgongo wakimbiaji, bastola mkononi, ili asione ni nani anayekuja. Anafyatua, njia inafungwa. Aliyebakiza hatua mbili hapati kitu.

Nikisimulia hilo nyumbani, watu husema ni roho mbaya. Mimi naliona kuwa heshima. Kwa kuwa saa ya kufunga imetangazwa, hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla yake: si daktari, si polisi, si yule msichana wa meza ya maji mwenye vifuko vya kung'ata kwa meno, vile vile kama maji yanayouzwa barabarani kwetu. Bingwa alikuwa amemaliza zamani, lakini kwangu meza zilikuwa zimejaa, na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi vilikuwa bado na joto. Bingwa anashindana na wenzake. Mimi nashindana na ile bastola, na ili nishindane nayo lazima iwepo.

Saa hiyo pia imezaa kitu ambacho sikukitegemea. Wakimbiaji wa nyuma hukusanyika katika makundi wanayoyaita mabasi, na anayeongoza ni dereva. Dereva ni mkongwe wa mbio hizi: anajua mwendo wa kukufikisha kwa saa 11 na dakika kadhaa, na anaushika bila haraka. Kupanda tunatembea, kwa amri yake. Anachagua nguzo ya taa, tunatembea mpaka pale. Anainua mkono, tunakimbia mpaka nguzo nyingine. Kwenye Polly Shortts, kilima kikubwa cha mwisho kwa wanaopanda, mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa anakanyaga kwa ubavu wa mguu kwa sababu ya malengelenge, na soksi yake ilikuwa na doa jekundu lililokuwa likipanuka. Hakuna aliyemwambia aache. Dereva aligeuka mara moja, akamwangalia, akapunguza mwendo kidogo, akaendelea kuhesabu nguzo. Sikuwa naijua lugha waliyokuwa wakiimbia, nikawa naitikia tu.

Nilimaliza ndani ya saa ya mwisho. Medali ya saa hiyo ina jina la Vic Clapham, na ni ya shaba nyekundu. Mtu wa Katanga, kwenye migodi ya shaba, amesafiri mpaka Bahari ya Hindi, amepoteza kucha, amerudi na kipande cha shaba. Mke wangu bado anacheka.

Watu wetu wakizungumzia wa mwisho humtaja John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na kufika zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Humsifu kwa moyo wake, na ni haki. Mimi namfikiria pia mtu ambaye hatajwi: muda wa Akhwari upo kwenye kumbukumbu, saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Kuna aliyebaki pale na saa mkononi.

Huku kwetu mazoezi yanawezekana, hata kama mji ni bapa na kilima chetu maarufu ni rundo la taka za kuyeyushia shaba. Alfajiri barabara ya Kasapa ina watu wengi wanaokimbia kuliko unavyodhani. Kwa umbali mrefu naelekea Kipushi, karibu kilomita 30, na hapo ndipo mwili unapoanza kudai, kwa sababu wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unakaribia kwisha karibu na umbali huo. Watoto wa kando ya njia huniuliza, "Papa, ni banani banakufukuza?" yaani ni akina nani wanaonifukuza. Nabeba munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye chupa, una wanga, una ladha, na tumbo langu limeuzoea tangu utotoni. Na nakunywa kwa kiu. Kujijaza maji tupu kwa saa nyingi hushusha chumvi ya damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji. Halafu vumbi la malori, wakati wa kiangazi. Kwa vumbi sina dawa.

Kwa hiyo ninachoomba si kikubwa. Atakayetuandalia mbio za marathoni, kilomita 42.195, azipime kweli: baiskeli yenye kihesabio gurudumuni, ikifuata njia fupi kuliko zote kwenye kona, na mita moja ya nyongeza kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Zianze saa kumi na moja alfajiri, wakubwa wawepo wasiwepo. Zifungwe saa tano na nusu, iandikwe kwenye tangazo kwa herufi kubwa. Muda huo wa saa sita na nusu unamtosha mwenye mwili wa kawaida aliyejiandaa, na asiyeumudu atajua mapema ajiandikishe wapi. Mwaka wa kwanza tutakatwa wengi, huenda nikiwemo. Sawa.

Najua pingamizi: barabara haiwezi kufungwa muda wote huo, teksi-basi na manseba, madereva wa teksi za pikipiki, watakula nini? Hoja ina uzito, sitaibeza. Lakini Jumapili alfajiri barabara ni nyeupe mpaka ibada zitoke, na si lazima mji mzima ufungwe; upande mmoja wa njia ya Kasapa, kwenda na kurudi, unatosha. Fedha ndiyo kisingizio kingine. Bahasha ya mshindi ikikatwa kidogo ili kumlipa mtu mmoja wa kukaa na saa mpaka saa tano na nusu, mshindi hatalalamika sana. Saa hiyo atakuwa ameshaoga na kula bukari, ugali wetu.