Mtoto anasoma bila kukwama, lakini ameelewa nini?

“Mbwiru alikwenda chwegoni akakuta mipanje miwili.” Mbwiru alikuta nini? Mipanje. Mingapi? Miwili. Umepata alama zote, na mbwiru, chwego na mipanje havipo duniani. Ngeli zimekubeba.

Maswali mengi ya ufahamu nyumbani Tanzania hutungwa hivyohivyo, na kwa hili Uingereza wametuzidi. Si kwa kila kitu. Huku England, tangu 2012, watoto wa miaka 5 na 6 wanapimwa kwa kusomeshwa maneno 40, nusu yake ya kubuni, kwa sababu maandishi ya Kiingereza ni magumu kuyageuza sauti: though, tough na through zinafanana kwa macho tu. Kwetu sisi kipimo hicho hakina haja kubwa. Mtoto akishika ba be bi bo bu na silabi nyingine, anakusomea gazeti. Hapo ndipo tunapodanganyika: sauti inateleza, tunadhani na akili imefika.

Mtihani wa kusoma wa watoto wa miaka 10 na 11 huku, wa dakika 60, una maswali ambayo jibu lake halikuandikwa popote. Mtoto hulipata kwa dalili, na mara nyingine hutakiwa azitaje.

Tazama hii: “Maji yalipokupwa, Mwanaidi alichukua kijiti chake chenye ncha akaelekea mwambani.” Alikwenda kutafuta nini? Mtoto wa Nungwi atajibu pweza kabla hujamaliza kuuliza. Wa Kondoa, mbali na bahari, hata awe msomaji hodari kuliko yule, atakwama, maana nusu ya maana haimo kwenye karatasi. Msomaji anakuja nayo kichwani. Mwaka 1988 watafiti Recht na Leslie walilipima jambo hili Marekani kwa wanafunzi 64 na habari ya mechi ya besiboli: wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliwashinda wasomaji wazuri wasioujua.

Kwa hiyo, mwalimu, kabla ya kusoma tumia dakika 5 kuzungumzia bahari, kupwa na kujaa, ila pweza usimtaje, utakuwa umetoa jibu. Kisha uliza maswali matatu tu: moja ambalo jibu lake limeandikwa wazi, moja la kuunganisha sentensi mbili, na moja la kudokezwa. Kila jibu lifuatwe na “umejuaje?”, na mtoto aweke kidole penye dalili. Akikiweka kwenye “yalipokupwa” na “kijiti”, ameelewa. Akikiweka kwenye “Mwanaidi”, rudini baharini.