Kabla Hujashusha Bei ya Nyumba, Jua Mnunuzi Anatajiwa Ngapi

Nyumba ikikaa sokoni miezi minane bila kuuzwa, kila mtu anakuwa na ushauri, na ushauri wenyewe ni mmoja: shusha bei. Dalali anasema hivyo, jirani anasema hivyo, na shemeji aliyeko Mwanza ambaye hajaikanyaga nyumba yenyewe naye anasema hivyo hivyo. Sisemi bei isishushwe. Hapa Dar es Salaam nimeziona nyumba nyingi zilizoshikiliwa kwa bei isiyo na mashiko mpaka bati likaota kutu. Ninachokipinga ni kushusha kwanza na kuuliza baadaye. Kwetu huku, mara nyingi bei anayoishusha mwenye nyumba siyo bei anayoisikia mnunuzi.

Kila aliyewahi kuuza au hata kupanga Dar anakijua cha juu, ile fedha ambayo dalali anaiongeza juu ya bei ya mwenye mali. Mwenye nyumba kasema milioni 150. Dalali wa kwanza anamtajia mwenzake 160. Wa pili anaiweka Instagram kwa 170, na pembeni anaandika "maongezi yapo". Ikifika kwenye kundi la WhatsApp la madalali wa Tabata au Kimara, imeshakuwa 180. Juu ya hapo kuna kamisheni, ambayo mwingine anaidai kwa muuzaji, mwingine kwa mnunuzi, na wapo wanaoichukua pande zote mbili. Mnunuzi anakuja, nyumba anaipenda, anatajiwa 180, anaondoka. Wewe unaletewa taarifa fupi: "Mzee, watu wanasema ghali." Basi unashusha mpaka 140. Kule nje bei inabaki 180 ile ile. Kilichobadilika ni kwamba cha juu kimepanuka kutoka milioni 30 hadi milioni 40. Umetoa milioni kumi yako na mnunuzi hajapunguziwa hata shilingi.

Siandiki haya kwa kuwachukia madalali. Wapo waaminifu, wanaojua historia ya kila kiwanja cha mtaa wao, na bila wao nyumba nyingi zisingepata mtu wa kuzitazama. Lakini mwenye mali ana haki ya kujua mali yake inatajwa kwa ngapi, na kujua hilo hakuna gharama. Mpe mtu asiyefahamika namba iliyo kwenye tangazo, apige, aulize bei ya mwisho. Afanye hivyo kwa kila dalali aliyeiweka nyumba yako mtandaoni. Ukishayasikia majibu, chagua dalali mmoja au wawili, mwandikiane kamisheni yao kwa asilimia, na bei iandikwe kwenye tangazo lenyewe, kwa shilingi. (Waliozoea kutaja kwa dola wakumbuke kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni humu nchini.) Halafu mnunuzi akija kuiona nyumba, uwepo, au awepo mtu wako wa karibu, na bei uitaje mwenyewe. Dalali akikataa masharti hayo, mwache aende.

Baada ya hapo ndipo tunaweza kuiongelea bei yenyewe.

Bei ya kwanza ya wengi wetu inatoka kwenye daftari la ujenzi. Tofali, saruji, nondo, marumaru, jipsamu, madirisha ya aluminiamu, kisima, ukuta na geti. Mtu anajumlisha vyote, anaongeza jasho lake, anaongeza na ile miaka aliyoishi bila kununua nguo mpya ili apandishe linta. Namwelewa kabisa. Mwalimu au nesi aliyejenga kwa mshahara kwa zaidi ya miaka kumi haoni kuta tu anapoitazama nyumba yake. Lakini mnunuzi hailipii miaka hiyo. Mnunuzi wa Dar anailinganisha nyumba yako na kiwanja kitupu. Anajiuliza: nikichukua kiwanja Bunju, Chanika au Kigamboni, au nikanunua boma lililofika linta nikamalizia mwenyewe kwa ramani ninayoitaka, nitatumia kiasi gani? Akiona tofauti ni ndogo, atakulipa kwa kuokoa muda na kuepuka kusumbuana na mafundi. Akiona ni kubwa, atakwenda kujenga, kwa sababu kujenga kidogo kidogo ndiyo njia ambayo watu wengi wa mji huu wamepata nyumba.

Wanunuzi wetu wengi wanalipa kutoka mfukoni, na hilo linabadilisha maana nzima ya kushusha bei. Mikopo ya nyumba ipo. Hata kampuni ya TMRC, inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo, ilianzishwa mwaka 2010. Hata hivyo riba bado iko juu na wanaonunua kwa njia hiyo ni wachache. Mahali ambapo watu hununua kwa mkopo wa miaka 25, ukipunguza kidogo, makato ya mwezi yanapungua na kundi jipya la wanunuzi linaingia. Kwetu, mwenye milioni 100 mkononi hawezi 150, hawezi 147, wala hawezi 145. Ndiyo maana siioni faida ya ule mtindo wa kukata milioni mbili mwezi huu, tatu mwezi ujao. Wale walioweza tangu mwanzo wanakuona unavyoteremka, na wanaamua kukusubiri. Tena wanaanza kuulizana nyumba ina nini: kuna kesi? maji yanaingia wakati wa masika?

Maeneo ya zamani yana hesabu yake. Sinza, Magomeni, Kinondoni, na zaidi Kariakoo, mara nyingi mnunuzi anataka ardhi. Ataivunja nyumba apandishe ghorofa au fremu za biashara. Kupaka rangi ili nyumba ya namna hiyo iuzike ni kutupa fedha, na kupunguza bei kwa sababu ya nyufa ni kutupa fedha nyingi zaidi. Mtu ambaye wiki ya pili ataleta katapila hana sababu ya kukuonesha ufa wa jikoni. Mwambie kwa heshima kwamba mnaongelea kiwanja, ukubwa wake kwa mita za mraba, upana wa barabara na umbali wa kituo cha mwendokasi. Hapo ndipo ilipo thamani, na watu wengi wanaouza nyumba za wazazi wao wameipoteza kwa kukubali kuongelea paa.

Yapo pia mambo ambayo punguzo haliyatibu kabisa. Nyumba yenye hati miliki, nyumba yenye leseni ya makazi na nyumba yenye karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri na serikali ya mtaa ni mali tatu tofauti hata zikiwa ukuta kwa ukuta. Kama eneo lenu limepimwa na hati inasubiri malipo tu, nakusihi ulipie hati kabla hujagusa bei, kwa sababu hofu ya mnunuzi juu ya karatasi huwa kubwa kuliko punguzo lolote utakalompa. Vivyo hivyo ridhaa ya mwenza: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila mume au mke kukubali, na wakili wa mnunuzi ataiuliza. Na kama nyumba imegusa hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, wala usijisumbue kupunguza. Tangu zile nyumba za Kimara mpaka Kiluvya zilipobomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, wanunuzi wanaulizia hifadhi kabla hawajaulizia idadi ya vyumba. Wana haki.

Sasa, ni lini nasema shusha? Wakati watu wamekuja, wameiona, wamesikia bei halisi kutoka kwako, na bado wanataja namba zinazokaribiana. Wa kwanza kasema 125, wa pili 130, wa tatu kaanza na 120 akaishia 128. Hawajuani, lakini wameishia pale pale. Hiyo ndiyo bei ya nyumba yako mwaka huu, hata kama daftari lako la ujenzi linasema vingine. Hapo teremka mara moja, ufike karibu na walipo, kisha usimame. Ukitaka 130, tangaza 135 na ubaki hapo. Usitangaze 148 ukitegemea watakuvuta wenyewe. Kama hakuna hata mmoja aliyekuja kuiona, usiikimbilie bei. Angalia kwanza tangazo, picha, njia ya kufika na midomo inayoitangaza. Ila kama hayo yote yako sawa na simu bado haziiti, basi bei ndiyo inayowafukuza kabla hawajafika.

Wanaokataa kushuka huniambia, "Nyumba haiozi, nitasubiri." Nyumba inaoza. Ikikaa tupu mchwa wanaingia kwenye fremu za milango, mlinzi anadai mshahara, kodi ya pango la ardhi inaendelea. Na hata isipooza, fedha isiyokuwepo mkononi ina gharama. Hatifungani za serikali za muda mrefu, ambazo ukizinunua unakuwa umeikopesha serikali, zilizotolewa mwaka 2022 zilikuwa na riba ya zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka. Mtu aliyeuza kwa 130 akaiweka fedha yote huko kwa kiwango hicho anapata milioni 15.6 kila mwaka. Miaka miwili ni milioni 31.2, na mtaji wake upo. Mwenzake aliyesubiri miaka hiyo miwili akafanikiwa kupata 150 yake ameachwa nyuma kwa zaidi ya milioni 11, na bado sijahesabu mlinzi. Wapo wenye nyumba kubwa Mbezi Beach na Mikocheni walioshikilia bei za mwaka 2013, enzi za wapangaji waliolipa mwaka mzima kwa dola. Serikali ikatangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji ukabadilika, wao wakabaki na bei ya mji ule wa zamani. Inaniuma kuona wazee wenye mali ya mamilioni wanakosa fedha ya dawa huku nyumba ya vyumba sita imefungwa kufuli.

Kabla ya kuweka kikomo cha chini, piga hesabu ya kitakachobaki mkononi. Mkazi wa Tanzania anatozwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, asilimia 10 ya faida aliyoipata kwenye mauzo. Asiye na kumbukumbu za gharama zake, tangu marekebisho ya 2023, anatozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwenye milioni 150 hiyo ni milioni 4.5. Weka kamisheni ya asilimia 5, ambayo ni milioni 7.5, umebaki na 138 kabla ya wakili. Nimeshuhudia watu wakigombania milioni tatu za bei na mnunuzi mzuri huku risiti za saruji na nondo, ambazo zingewapunguzia kodi, zimeliwa na panya stoo.

Kuna bei inayoshushwa na shida, na hiyo naiongelea kwa moyo mzito. Mgonjwa yuko wodini, ada inadaiwa, benki imeandika barua. Ndugu zangu, ukiuza kwa shida, dalali asiijue shida yako. Sababu ya kuuza ni moja tu: tunahamia kwingine. Na kabla hujakubali bei ya hasara, uliza kama kiwanja kinaweza kukatwa ukauza sehemu, au kama mnunuzi anaweza kulipa nusu sasa na nusu baada ya miezi sita, kwa mkataba ulioandikwa na wakili, hati ikibaki kwako mpaka shilingi ya mwisho. Wanunuzi wengi wenye nia wanakubali, kwa sababu nao hawana fedha yote siku moja.

Halafu nyumba ya urithi. Watoto saba, na bei imepatikana kwa kuzidisha saba mara kile ambacho kila mmoja anakihitaji. Hakuna mnunuzi anayejua mko saba. Ajiriwe mthamini aliyesajiliwa, msimamizi wa mirathi aitishe kikao, iandikwe bei ya kutangaza na bei ya chini kabisa, wote waweke sahihi, na atakayeongea na wanunuzi awe mmoja. Nyumba nyingi za urithi hazikosi wateja. Zinakosa mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusema ndiyo. Mteja anakubaliana na kaka asubuhi, jioni dada wa Arusha anapiga simu kusema haiwezekani chini ya 200.

Na kama mama bado anaishi humo ndani, anamwagilia miti yake ya mipapai na kusali msikiti au kanisa alilolizoea kwa miaka arobaini, mimi siko upande wa kushusha wala wa kupandisha. Ondoeni tangazo getini, mwacheni akae, na anayehitaji mtaji autafute kwingine.