Seti ya Baridi, Mji wa Joto

Nani aliwaambia wauza nguo za watoto kwamba Tanga kunaanguka theluji? Pita barabara za namba, Ngamiani yote, seti za kichanga zimetundikwa milangoni: sweta la sufu, suruali ya sufu, soksi, glovu, kofia yenye kibonge utosini, na blanketi la manyoya la kufunikia shehena nzima. Mwezi wenyewe Februari, upepo umekata, muuzaji kabaki na singlendi anajipepea kwa boksi la hiyo seti. Ukimuuliza kama ana vya pamba vyepesi, anakutazama kama baba bahili.

Nyumbani nako kuna baraza la wazee. Mtoto keshavikwa nguo tatu juu kwa juu, analia, harara zimemjaa shingoni, bibi anamshika viganja, anatoa hukumu: "Baridi hiyo, leteni shali!" Jamani, viganja na nyayo za kichanga huwa vya ubaridi hata mwili ukiwa na joto la kutosha, kwa kuwa mzunguko wa damu wa huko mbali haujakaa sawa. Mshikeni kifua au nyuma ya shingo. Pakiwa vuguvugu na pakavu, mwacheni. Pakiwa na jasho, vueni kimoja. Kofia ina kazi saa zile za mwanzo, mtoto katoka kalowa na kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake. Akishakauka na kupata joto, kofia ya nini ndani ya nyumba ya bati Makorora? Njiti au mwenye uzito mdogo afuate maelekezo ya muuguzi. Na wa Lushoto wavae wapendavyo, kule baridi ipo kweli.

Glovu nazo! Zipindue nje ndani uone nyuzi zinavyoning'inia. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha kichanga unakikaba mpaka kinavimba na kubadilika rangi, na glovu imekificha, huoni kitu. Soksi hali kadhalika. Anajikuna uso? Kata kucha akiwa usingizini, basi.

Vifulana sita vya pamba vinatosha, vinane kama mtoto anakuja masika. Chagua vinavyofunguka kwa mbele kwa kamba au vifungo, au vile ambavyo shingo yake ina mikunjo miwili inayopishana mabegani. Ile mikunjo si urembo. Choo kikivuja kikapanda mgongoni, na kitapanda, unaifungua shingo na kukishusha kifulana kuelekea miguuni, badala ya kumpitishia mzigo wote usoni. Vyenye vifungo mgongoni waachie waliovishona. Mtoto analala chali saa zote hizo, kila kifungo kinamchoma. Gauni la lasi la mtoto wa siku tatu sina la kusema, na viatu ndiyo kabisa: mtu hata shingo haijakaza, anavikwa raba!

Saizi nayo ni mtego. Vichanga wengi wana urefu wa sentimita 50 hivi, na ile saizi ndogo kabisa wengine hawaimalizi mwezi. Nunua viwili vya hiyo, vilivyobaki viwe vya miezi 0 hadi 3. Mkono ukizidi, kunja.

Sasa nepi, maana hapa ndipo wanaume tunapoumbuka. Mwanamume anarudi na nepi sita kifua mbele, kama kaleta ng'ombe. Kichanga hubadilishwa mara nane hadi kumi na mbili kwa siku! Za kitambaa zinatakiwa dazeni mbili, sentimita 60 kwa 60, pamba inayonyonya maji. Ikunje pembetatu, ukingo wa mbele uishie chini ya kitovu, na unapochoma pini weka vidole vyako viwili kati ya nepi na tumbo. Ikichoma, ikuchome wewe. Fua kwa sabuni ya mche, suuza mpaka maji yawe meupe, na usitie dawa ya kulainisha nguo, inaifanya nepi isukume maji badala ya kuyanyonya. Ukitaka pampasi, usisome umri, soma kilo. Kile choo cha kwanza cheusi kinanata mithili ya lami. Paka mafuta ya mgando kidogo makalioni mapema, utakifuta bila kumchubua.

Mitumba siipondi hata kidogo. Pamba iliyofuliwa mara hamsini ni laini kuliko ya dukani. Ila ifue, ianike juani, ipige pasi nje na ndani, mkazo kwenye mishono. Kuna inzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia ngozini. Pasi ya moto inayaua, iwe ya umeme au ya mkaa. Na zile nguo za urithi za shangazi, zilizokaa sandukuni na vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, usimvike mtoto zikinuka vile. Harufu ile kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD inavunja chembe nyekundu za damu na kumtia manjano, na upungufu huo si haba huku pwani.

Kanga za kupokelea mtoto zifuliwe kabla, mara mbili au tatu. Kanga mpya ina wanga, imekakamaa, haikaushi kitu, maji yanateleza juu yake. Moja ya kumkausha, nyingine kavu ya kumfunikia. Soma na maandishi basi: mtoto anaingia duniani, maneno ya kwanza mwilini mwake yanamsuta jirani! Mpira wa kutandika, pamba, glovu za mkunga na vibana kitovu viko kwenye orodha ya kliniki, fuata ile.

Poda acha, vumbi lake linaingia mapafuni. Mto acha, kichwa kitajitengeneza chenyewe. Kitambaa cha kufungia tumbo acha pia. Kitovu kinataka hewa na ukavu, bila majivu, mafuta wala mate ya mtu yeyote. Chandarua chenye dawa usikiache. Mvuje, ile dawa ya kunuka ya kumkinga mtoto kimila, kaongee na bibi, mimi simo.

Kitu ambacho hakuna anayekinunua ni kamba ya kuanikia. Dazeni mbili za nepi, kila moja sentimita 60, zinataka mita 15, na ukizishikanisha pembe kwa pembe vibanio 25 vinatosha. Wageni wa hongera wakiuliza walete nini, waambie kamba na sabuni. Wataitikia vizuri tu, kisha watakuja na sweta.