Msimwambie tena kwamba tatizo ni intaneti yake

Shemeji yangu amenunua kifurushi kikubwa cha intaneti ambacho hakukihitaji. Alikinunua kwa sababu mtu wa huduma kwa wateja wa kampuni inayohifadhi tovuti ya kikundi chao alimjibu mara tatu ndani ya siku mbili, kwa maneno yale yale: "Tatizo liko upande wako, angalia kasi ya intaneti yako." Akaangalia. Akaongeza kasi. Kesho yake akaketi tena kupakia tovuti kwa FTP, njia ya zamani ya kutuma mafaili kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), mwendo ukawa ule ule wa kinyonga, na katikati ya kazi muunganisho ukakatika, orodha ya mafaili yaliyoshindikana ikajaa wekundu. Aliponipigia simu alikuwa anajilaumu yeye. Hapo ndipo nilipokasirika.

Tulikaa pamoja tukapima, jambo ambalo mtu yule angeweza kumwelekeza kwa dakika tano. Kasi ya kupakia: megabiti 10 kwa sekunde. Amri ya ping kuelekea kwenye seva: milisekunde 180 kwenda na kurudi. Folda lenyewe: megabaiti 90, mafaili 6,200, maana tovuti ya WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) yenye nyongeza zake ni kundi kubwa la mafaili madogo madogo. Ukihesabu kwa kasi tu, megabaiti 90 ni megabiti 720 (kila baiti ni biti nane), yaani sekunde 72. Yeye alikuwa akingoja zaidi ya saa nzima. Hizo dakika nyingine zilikwenda wapi?

Zilikwenda njiani. FTP haimimini folda zima kama maji. Kwa kila faili, programu huiomba seva ifungue mlango wa data na kungoja jibu, kisha huunganisha kwenye mlango huo, hutaja jina la faili na kungoja ruhusa, hutuma, halafu hungoja kuambiwa kwamba limepokelewa. Hizo ni karibu safari nne za kwenda na kurudi. Nne mara milisekunde 180 ni sekunde 0.72. Zidisha kwa mafaili 6,200: dakika 74. Mstari wake ulikuwa mtupu karibu muda wote huo, ukisubiri majibu. Ni sawa na kuhama nyumba kwa kubeba kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko kinasainiwa mlangoni kabla hujarudi kuchukua kingine. Kupanua barabara hakufupishi safari hiyo hata kidogo, na ndicho alichouziwa shemeji: barabara pana.

Tena mambo ni mabaya zaidi ya hapo. Kila muunganisho mpya wa TCP, utaratibu ambao FTP hutumia kusafirisha data, huanza taratibu. Kwa kawaida hutuma pakiti (vipande vya data) 10 hivi, kama kilobaiti 14, kisha hungoja uthibitisho kabla ya kuongeza mwendo. Faili la kilobaiti 3 limekwisha hata kabla mwendo haujaanza kupanda, na linalofuata linaanza upya pale pale chini. Kwa hiyo kipimo cha kasi kinaonyesha namba nzuri kabisa, na mtu bado analia. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na anayelipwa kuhudumia wateja wa tovuti anapaswa kulijua hilo.

Dawa yake tuliifanya jioni ile ile. Tulifunga folda zima kuwa faili moja la zip, tukalipakia, tukalifungua kule kule kwenye seva kwa kutumia kidhibiti cha mafaili kilichomo kwenye paneli ya mwenyeji, yaani kampuni inayohifadhi tovuti. Haikufika dakika mbili. Shemeji aliangalia skrini bila kusema neno, kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Sikuwa na jibu la kumpa, na sina hadi sasa.

Nikubali lisilokubalika kirahisi: mara nyingine tatizo kweli liko kwa mteja. Mistari mingi ya nyumbani hupakia polepole kuliko inavyopakua, na Wi-Fi inayopita kuta tatu hupoteza pakiti. Chomeka waya, jaribu tena, utajua. Wapo pia wateja wanaoweka programu ipakie mafaili 10 kwa mpigo, seva ikafikia kikomo chake na kujibu 421, namba ya kukataa muunganisho, nao wakadhani wameonewa. Lakini hata hapo, kumwambia mtu "punguza yawe mawili au matatu, kikomo chetu ni hiki" ni sentensi moja tu.

Kuna kisa kingine kinachoniuma, kwa sababu watu wengi hukata tamaa hapo. Unapakia video kubwa. Inafika asilimia 100, halafu inaganda, kisha programu inasema imeshindikana na kuanza mwanzo. Faili mara nyingi limeshafika! FTP hutumia mistari miwili: mmoja wa amri, kwenye poti 21, na mwingine wa data. Data inapomiminika kwa muda mrefu, mstari wa amri unakaa kimya. Ruta au fayawoli iliyoko katikati inauona kimya ule, inadhani maongezi yamekwisha, inausahau. Seva inatuma ujumbe wa "nimepokea" na ujumbe haufiki. Tangu 2008 viwango vya intaneti vinazitaka ruta zisiusahau muunganisho wa TCP uliokwisha kuanzishwa kabla ya saa 2 na dakika 4 za kimya, ila ziko nyingi zinazosahau mapema zaidi. Kabla ya kupakia tena, linganisha ukubwa wa faili kule na huku. Ukiweza, washa ujumbe wa kuamsha mstari kwenye programu yako. Na kama mwenyeji anatoa SFTP, njia salama ya kutuma mafaili, hamia huko: kila kitu hupita kwenye muunganisho mmoja, na nenosiri halisafiri wazi.

Siwalaumu waliobuni FTP. Abhay Bhushan aliandika toleo la kwanza 1971, na kanuni tunazozitumia zimesimama tangu 1985, wakati hakuna aliyewazia tovuti ya vipande 6,200. Ninawalaumu wanaouza nafasi kwenye seva leo, wanaoiweka FTP kama mlango pekee, wanafunga SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva na kuipa amri), kisha wanamrudishia mteja kosa. rsync, programu ya kulinganisha na kunakili mafaili, ipo tangu 1996. Ukiwa na SSH, inakagua folda na kutuma sehemu zilizobadilika tu, ikikatika inaendelea kutokea pale. Vivinjari vya Chrome na Firefox vyote viliondoa FTP mwaka 2021. Ni nini kinachowachelewesha?

Ninachowaomba si kikubwa. Mteja akisema upakiaji ni wa polepole, muulize kwanza ni mafaili mangapi, si megabiti ngapi. Muulize ping inasomaje. Angalia upande wako kama seva imeelemewa au nafasi yake imejaa, maana diski iliyojaa nayo hukata upakiaji katikati na kuacha faili nusu, na faili la PHP (lugha ya kompyuta inayoendesha tovuti) lililofika nusu linaweza kumpa mgeni ukurasa mweupe. Andika vikomo vyako mahali vinapoonekana.

Shemeji amerudi kwenye kifurushi chake cha zamani wiki hii. Juzi alibadilisha mwonekano wote wa tovuti peke yake, kwa zip moja, akanitumia kiungo saa nne usiku. Nilikifungua, na picha zote zilikuwepo.