Steringi alipolala

Vijana ninaoangalia nao sinema za zamani hapa Mwanga, Kigoma, wana kauli moja wanaipenda: taharuki ni kuona anachokiona steringi, basi. Kamera ikae machoni pake, tusijue zaidi yake, moyo utaenda mbio wenyewe. Siwabezi. Ushahidi wanao, tena mzito.

Juzi tuliwasha Rear Window ya mwongozaji Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954. Jeff, mpiga picha aliyevunjika mguu, anashinda dirishani akichungulia majirani. Mpangilio unajirudia: uso wake, anachokitazama, uso wake tena. Mpenzi wake Lisa anapojipenyeza chumbani kwa Thorwald, jirani anayeshukiwa kumuua mkewe, sisi tumekwama ng'ambo ya ua pamoja na Jeff na plasta yake. Lisa, mikono ikiwa mgongoni, anamwonyesha Jeff pete kidoleni. Thorwald anaiona ile ishara, anainua macho, anatutazama sisi. Hata watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni mwa kibanda walirudi nyuma.

Hapo vijana wana haki yao. Lakini sinema hiyohiyo ina sekunde chache zinazonikosesha usingizi, na karibu kila ninayezungumza naye huzipita kama vile hazipo.

Jeff amesinzia kitini. Kamera haimsubiri aamke. Inamwacha, inavuka ua, na tunamwona Thorwald akitoka na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Kisha inarudi kwa Jeff, bado amelala.

Basi. Hakuna muziki wa kututisha, hakuna anayesema neno. Ila tangu hapo tunajua jambo asilolijua steringi, na jambo lenyewe linampinga. Rafiki yake mpelelezi anapokuja kusema kwamba Thorwald na mkewe walionekana wakiondoka saa 12 asubuhi, Jeff anakataa katakata. Sisi tunakataaje? Mwanamke tumemwona! Hatujui ni nani, lakini tumemwona. Kila kitu ambacho Jeff anakitazama, kisu, msumeno, sanduku lililofungwa kamba, tunakitazama kwa mioyo miwili: huenda kuna muuaji, na huenda tumekaa upande wa mtu mpweke anayemsingizia jirani. Kama Hitchcock angetubakiza machoni mwa Jeff usiku ule, swali la pili lingepungua nguvu, na mimi naona hilo ndilo linalouma zaidi.

Hitchcock mwenyewe aliwahi kumweleza François Truffaut, mwongozaji wa sinema wa Kifaransa, kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka bila taarifa, watazamaji wanapata mshtuko wa sekunde 15. Wakijua lipo, na wanaoongea mezani hawajui, wanapata taharuki ya dakika 15. Yaani mtazamaji amzidi mhusika kwa habari. Mwongozaji Orson Welles alifanya hivyo mwaka 1958 mwanzoni mwa Touch of Evil: bomu linatiwa kwenye buti la gari, kisha kwa zaidi ya dakika tatu picha haikatwi, wala si jicho la mtu yeyote, nasi tunahesabu pumzi.

Aliyejaribu kauli ya vijana hadi mwisho wake ni Robert Montgomery, mwongozaji aliyecheza mwenyewe kama steringi. Katika Lady in the Lake, 1947, kamera ndiyo macho ya steringi karibu sinema nzima. Sura yake tunaipata zaidi kwenye vioo. Ukiangalia unagundua kilichopotea: ule uso unaokatiwa baada ya kitu kuonekana. Bila huo, hatuambiwi kama tuogope.

Nirudi kibandani. Jeff aliposinzia, mmoja wetu alikuwa ametoka kununua karanga. Mpelelezi alipoleta habari zake, wenzake walianza kubishana, mmoja akasimama kabisa. Yule wa karanga akacheka: "Muongo huyo polisi, jamaa kaua!" Ndiye pekee aliyekuwa na Jeff bega kwa bega muda wote, na ndiye pekee niliyemwona akipiga miayo.

Ila mwishoni, hatua zilipokaribia kwa Jeff na ule mstari wa mwanga chini ya mlango ukazimika, naye aliruka kama sisi. Karanga zote chini.